Shangazi, nilipie kozi hii ya Wicca au niiache?

Shikamoo Shangazi,

Naomba unifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na sasa naishi Bristol, Uingereza. Nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, zaidi shifti za usiku. Sijaolewa. Nyumbani yuko mama na mdogo wangu wa kiume anayesoma chuo, na ada yake nalipa mimi.

Kazini nina mwenzangu ambaye ni mfuasi wa Wicca, dini ya kipagani ya huku Uingereza inayohusishwa na uchawi. Hajifichi, wala hamshawishi mtu. Aliniambia wana sikukuu nane kwa mwaka zinazofuata mwendo wa jua na mavuno, wanafukiza ubani, wanajifunza mitishamba, na wanamheshimu Mungu wa kike pamoja na Mungu wa kiume. Nilijikuta namsikiliza kwa hamu. Marehemu bibi mzaa mama alikuwa mganga wa mitishamba kule Lushoto. Nimekua nikimtwangia magome na kumchumia kivumbasi. Alipofariki hakuna aliyerithi kazi yake. Mkoba wake mama aliutupa, akisema nyumba ya Mwislamu haiweki vitu hivyo. Tangu nianze kusoma habari za Wicca, nahisi kitu cha bibi kimenirudia.

Nimepata kozi mtandaoni. Bei yake ni pauni 1,450 ukilipa kwa mkupuo, au pauni 145 kwa mwezi kwa miezi 12. Ni wiki nane za video, kikao kimoja cha moja kwa moja kila wiki, halafu sherehe ya kuingizwa kwa njia ya video, na cheti cha Kuhani Mkuu wa Kike "kinachotambulika kimataifa". Mwalimu anasema elimu yake imepokelewa bila kukatika tangu zama za mawe, mama kwa binti, ingawa wanawake milioni tisa walichomwa moto Ulaya. Bei inapanda baada ya Jumapili ya wiki ijayo. Nilipomwambia bado natafakari, alinijibu kuwa kusita kwangu ni hofu ya kurithi, na kwamba asiyethubutu kutumia pesa kwa ajili ya nafsi yake hajawa tayari.

Mwenzangu wa kazini hakuifurahia kozi hiyo. Anasema kundi lao hupokea wanafunzi na halitozi ada, ila mafunzo huchukua mwaka na zaidi, na kwanza nifahamiane nao kwenye mikutano yao ya wazi. Mikutano hiyo hufanyika baa. Mie pombe situmii, Shangazi, na swala sijaiacha ingawa siitimizi zote. Tena nimesikia wapo wanaofanya ibada uchi.

Akiba yangu ni pauni 1,800, na ndani yake 900 ni ada ya mdogo wangu. Ndoto yangu ni kumaliza kozi, kurudi Tanga, na kufungua mahali pa tiba ya mitishamba na utulivu wa nafsi, cheti cha Uingereza kikiwa ukutani. Mama sijamwambia lolote. Nikilitaja tu jambo hili atasikia uchawi, na kwetu mchawi ni mtu anayeua. Nifanyeje?

Mwenye Njia Panda, Bristol

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Naona umeuliza kuhusu kozi moja, lakini ndani yake mna haja nne, na kila moja ina mlango wake. Unataka kujua Wicca ni nini. Unataka, pengine, kuiishi kama ibada. Unataka elimu ya mimea ambayo bibi aliondoka nayo. Na unataka riziki ya kukurudisha Tanga. Kozi ya wiki nane inakuahidi zote nne kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana imekushika hivyo.

Nianze na madai ya huyo mwalimu, kwa sababu mtu anayefundisha dini ya watu anapaswa kuijua historia yake. Wicca haikutoka zama za mawe. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa forodha huko Malaya, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya sheria ya zamani ya uchawi ya Uingereza kufutwa. Sehemu kubwa ya maneno mazuri ya ibada yaliandikwa upya na Doreen Valiente katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Mzunguko wa sikukuu nane nao ulikamilika wakati huo. Jina "Mabon", la sikukuu ya Septemba, ni la miaka ya 1970. Hakuna aibu katika hayo, na wafuasi wengi wa Wicca wanayasema waziwazi. Dini changa inaweza kumfaa mtu.

Na hiyo milioni tisa ni hesabu ya karne ya 18 ambayo wanahistoria waliiacha zamani. Makadirio ya sasa kwa Ulaya nzima, kati ya mwaka 1450 na 1750 hivi, ni watu 40,000 hadi 60,000, na wanaume walikuwamo. Huko England, waliopatikana na hatia hiyo kwa kawaida walinyongwa, hawakuchomwa. Mwalimu asiyejua hayo huenda anafundisha vizuri mambo mengine, lakini nawe huna njia ya kupima yale usiyoyajua bado. Muulize kwa barua pepe: hii elimu ya zama za mawe ameipokea kwa nani, na nani alimwingiza yeye? Wafuasi wa Gardner na wale wa Alex Sanders, mwanzilishi wa tawi jingine la Wicca, hutaja mnyororo wao wa walimu bila taabu. Kwao mtu huingizwa ana kwa ana, na kwa desturi husubiri mwaka na siku moja. Madaraja ya juu ya ukuhani huja baada ya miaka. Cheo unachopewa kwa video baada ya wiki nane hawatakitambua, hata kama cheti kimepambwa kwa dhahabu.

Kuhusu cheti chenyewe, swali ni moja: kinatambuliwa na nani? Stashahada zinazosimamiwa na serikali huko Uingereza zimo katika rejesta ya Ofqual, na vyuo vinavyotoa shahada vimo katika rejesta ya Office for Students. Zote mbili utazipekua bure kwa dakika chache. Kozi isiyokuwamo humo si lazima iwe mbaya, kwa sababu mafunzo ya dini mara nyingi hayamo. Kinachotia shaka ni kutangaza kutambulika bila kumtaja anayetambua.

Sasa fedha, mwanangu. Pauni 145 mara 12 ni 1,740. Yaani mafungu yanakuongezea 290 juu ya bei ya mkupuo, na miezi kumi hivi baada ya kozi kwisha utakuwa ungali unalipa. Ukitoa 1,450 leo, unabaki na 350, na ada ya mdogo wako ni 900. Bila shaka umeshayapiga hayo mahesabu usiku ukiwa kazini.

Ukiamua kulipia kozi hii au nyingine, jua haki zako. Ununuzi wa mtandaoni Uingereza una siku 14 za kughairi. Lakini video zikifunguliwa mara moja, na wewe umeweka alama kwenye kile kisanduku cha kukubali kupoteza haki hiyo, basi huna tena siku 14 kwa upande wa video. Vikao vya moja kwa moja vikianza kwa ombi lako ndani ya muda huo, bado unaweza kughairi, ila utakatwa thamani ya vilivyokwisha kufanyika. Kulipa kwa kadi ya mkopo kwa kitu kinachozidi pauni 100 hadi 30,000 kunaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji asipotimiza. Ukituma kutoka benki moja kwa moja, kinga hiyo huna. Kabla ya yote omba muhtasari wa masomo wa wiki kwa wiki. Mwanafunzi anafanya nini wiki ya tatu? Anaandika nini, nani anakisoma, na anajibiwa baada ya siku ngapi? Darasani mna watu wangapi? Kozi nzuri hujibu hayo kwa aya mbili. Nyingi ya hizi za video huanguka hapo hapo, kwa sababu mwanafunzi anatazama tu na hakuna anayemsahihisha, na wiki ya nne anaacha akidhani kasoro ni yake.

Lile jibu kwamba kusita kwako ni hofu ya kurithi limenikera, na sitalificha. Mwalimu wa mambo ya roho anayegeuza swali la bei kuwa ugonjwa wa nafsi yako ataligeuza na swali lako la kesho.

Tuje kwa kundi la mwenzako. Kutotoza ada ya kumwingiza mtu ni desturi nzito kwa wafuasi wa Gardner na Sanders, kwa hiyo usidhani bure ni dalili ya uduni. Mchango wa mishumaa au chakula ni wa kawaida. Makundi mengi huwa na darasa la nje, ambako mtu hujifunza kabla ya kiapo chochote, naye na wao wakichunguzana. Baa ni mahali pa mkutano tu, unaweza kuagiza chai. Ila ibada zao huwa na kikombe kinachozungushwa, mara nyingi cha divai, basi uliza mapema kama unaweza kuwekewa maji ya matunda. Uchi nao uulizie waziwazi. Kwa wafuasi wa Gardner ni desturi, makundi mengine huvaa majoho, na kiongozi mwema hukueleza kabla hujaulizia mara ya pili. Hatari ya kundi dogo la siri ni kwamba hakuna aliye juu ya kiongozi. Akikutaka kimwili kama sharti la daraja, akikutenga na marafiki, au akikuapisha kabla hujajua unachoapia, ondoka siku hiyo hiyo. Ukitaka kuona watu wengi zaidi kabla ya kufungamana na wachache, Pagan Federation, iliyoanzishwa mwaka 1971, huandaa makongamano ya wazi.

Kuna njia ya katikati. Order of Bards, Ovates and Druids, chama cha Wadruidi (wanaofuata njia ya makuhani wa kale wa Ulaya) kilichoanzishwa mwaka 1964 na Ross Nichols, kina kozi ya masafa. Unasoma nyumbani, una mlezi wa kumwandikia, na ngazi ni tatu. Kwa mtu wa shifti za usiku mpango huo una nafuu. Kasoro yake kwako ni mpangilio: ngazi ya kwanza ni ya ushairi na ubunifu, na uponyaji huja ngazi ya pili, kwa hiyo mwenye kiu ya mimea atasubiri. Tena Wadruidi wa kale hawakuacha maandishi yao wenyewe, kwa hiyo mengi ya leo yametungwa tangu karne ya 18.

Na ikiwa haja yako kubwa ni kujua, Bristol umekaa pazuri. Profesa Ronald Hutton, mwanahistoria anayeheshimiwa sana katika somo hili, ni wa chuo kikuu cha hapo hapo, na mihadhara aliyoitoa Gresham College ya London inatazamwa bure. Chuo Kikuu cha Exeter kilianzisha mwaka 2024 shahada ya uzamili ya historia ya uchawi na elimu za siri, nayo imewekwa chini ya taasisi yake ya masomo ya Kiarabu na Kiislamu. Humo hufundishwi kufanya uchawi, unasoma maandiko na historia. Ada ya uzamili ni mzigo mwingine kabisa, sikutajii ili uikimbilie. Nakutajia ili uone kwamba kusoma habari za jambo na kuliabudu ni vitu viwili.

Tofauti hiyo, kwako wewe, naiona kubwa kuliko ya bei. Umesema swala hujaiacha. Wicca ina mungu wa kike na wa kiume, na humwita kila mmoja ndani ya duara la ibada. Kwa Mwislamu hilo linagusa tauhidi yenyewe, na mimi si mtu wa kukutolea fatwa. Wapo watakaokwambia ni alama tu za maumbile, na wapo watakaokwambia ni shirki bila mjadala. Ninachokuomba ni kwamba usiingie katika duara kwanza ndipo ujiulize baadaye. Jiulize ukiwa nje, ukiwa na utulivu, na kama unaye shehe unayemwamini asiye mwepesi wa kufoka, muulize naye. Kinachokuvuta ni hao miungu, au ni ubani na majani?

Nimeuliza hivyo kwa sababu ya bibi. Elimu ya bibi yako ilikuwa ya Usambara: mimea ya kule, majina ya kule, wagonjwa aliowajua. Kalenda ya Wicca imefuata majira ya Ulaya, na 21 Juni, wakati Bristol wanasherehekea siku ndefu kuliko zote, Lushoto ni kipupwe. Mimea yao ni mingine pia, na kujua ya nyumbani hakukulindi ugenini. Majani ya comfrey na ya foxglove yanafanana kabla ya kuchanua, na watu wameumia kwa kunywa chai ya foxglove wakidhani ni comfrey, kwa kuwa foxglove huvuruga mapigo ya moyo. Mafuta ya pennyroyal, jamii ya mnanaa, huharibu ini. Kozi yoyote ya mitishamba isiyokupa jina la Kilatini, kipimo kwa gramu, na orodha ya wasiopaswa kutumia, ikianza na wajawazito, usiitegemee. Ukitaka kufuata mimea kwa dhati, Uingereza wapo wataalamu chini ya National Institute of Medical Herbalists, chama cha tangu mwaka 1864. Nyumbani Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili. Na Lushoto huenda wapo wazee waliokuwa wakimletea bibi mizizi. Hao hawatoi cheti, lakini umri wao hausubiri kama kozi.

Kuhusu duka la Tanga, tafadhali usilijenge juu ya cheti hicho. Tiba asili Tanzania husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002, na mganga husajiliwa huko. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928, ingali inafanya kazi, na inagusa hata kudai una nguvu hizo au kukutwa na vifaa vyake. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Kisu cha madhabahu na kadi za kubashiri, ambavyo Bristol vinauzwa dukani, ndani ya begi lako huko Tanga vitasomwa vingine. Vikongwe wameuawa nchini kwetu kwa tetesi tu. Hofu ya mama yako ina msingi huo, na pengine hata kuutupa mkoba kulikuwa njia yake ya kuilinda nyumba.

Je, umwambie? Sioni kwamba una deni la kumweleza jambo ambalo hujalifanya. Ukimwambia sasa, utakuwa unatetea kitu usichokijua, kwa simu, naye yuko mbali. Ukinyamaza miaka, siku atakapolisikia kwa mtu mwingine litauma zaidi. Waweza kuanzia kwa bibi: muulize alikuwa akitumia dawa gani kwa homa, nani alimfundisha, kwa nini mkoba ulitupwa. Hayo huna haja ya kuyaficha.

Kama hutaki kuchagua yoyote kati ya hizi kwa sasa, unaweza kujipa mwaka wa kusoma peke yako. Dakika ishirini mara mbili kwa wiki, siku zisizo na shifti. Daftari moja: tarehe, hali ya mwezi, ulichosoma, ulichokiona katika bustani, mmea kwa jina la Kilatini, na ulivyohisi. Ukifukiza ubani, fungua dirisha, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyonuka. Mshumaa weka juu ya sinia ya chuma mbali na pazia, na usiwashe ukiwa umetoka kazini asubuhi una usingizi. Hatari ya njia hii ni upweke na kukosa wa kukusahihisha. Faida yake ni kwamba ukija kukutana na mwalimu, yeyote yule, utakuwa na maswali yako mwenyewe.

Kabla ya Jumapili mwandikie huyo mwalimu hayo maswali ya juu, kwa maandishi, si kwa simu, na uongeze moja: je, bei hii utanishikia mwezi mmoja nikiwa natafakari? Jibu lake nitumie, pamoja na la mwenzako kuhusu kikombe na majoho, tuyasome pamoja.

Shangazi yako